Wapagazi wa Joto

Kila Ibtisam aliporudi shuleni, alimkuta bibi yake ukumbini, amekaa kwenye mkeka na miguu ameinyoosha, sindano ya kroshia ikiingia na kutoka kwenye uzi bila yeye kuitazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nawa mikono, wali upo kwenye hotipoti. Ukimaliza, kamfukuze yule mgeni wa chumba cha mbele."

Mgeni huyo alikuwa vumbi. Vumbi la Tabora wakati wa kiangazi halijui kubisha hodi. Ukifunga dirisha linapita chini ya mlango, ukiziba mlango linakuja na nguo ulizovaa. Bibi Saleha alikuwa na dawa moja tu ya vumbi, nayo ni kitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, friji chake, hata birika la umeme. Basi kompyuta ilipoingia nyumbani, bibi hakuuliza ni ya nini. Aliuliza upana wake. Haukupita muda, nayo ikavishwa kitambaa cheupe chenye vishada vyekundu pembeni, kama bibi harusi.

"Ahsante, mama," alisema ami Muntasir, mwenye kompyuta. "Lakini hii itakuwa nguo yake ya kulalia. Mashine ikilala, ivae. Ikiamka, ivuliwe. Ibtisam, umesikia?"

"Nimesikia, ami."

Ami Muntasir alikuwa mdogo wa baba yake Ibtisam. Wazazi wa Ibtisam walikuwa na duka Urambo, naye aliishi mjini kwa bibi ili asome. Katika chumba cha mbele ami alihariri picha za harusi, na ndani ya kompyuta yake mlikuwa na kitu alichokipenda kuliko viatu vyake vya Idi. Kilikuwa kadi ya picha, kifaa kinachoichorea kompyuta picha zake, ya wale wanaocheza michezo mikubwa ya kompyuta. Ilikuwa ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, nyeusi, yenye feni tatu usoni. Ilikuwa nzito hata ami akaitegemeza kwa kijiti cha mninga ili isiiname. Ubavu mmoja wa sanduku alikuwa ameuondoa ipate hewa. Feni zile zilikuwa na tabia ya mafundi wakongwe: pasipo kazi hazisogei, kazi ikija zinaamka zenyewe.

Lakini harusi hazikuwa sababu ya kununua kadi kubwa namna ile. Ami alikuwa anatengeneza mchezo wa njia ya zamani ya misafara. Ukiufungua, unajikuta Kwihara, nje kidogo ya Tabora, asubuhi, mbele ya nyumba ya udongo yenye paa bapa. Kengele inalia. Wapagazi wanainua mizigo, wengine wamekuja kwa ujira, wengine bila hiari yao, na wewe unafuata nyuma yao kuelekea Ujiji. Miombo inafunga pande zote. Mwanga unapenya majani na kuanguka njiani vipandevipande. Ukitembea mwendo mrefu unafika kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito kuna ukungu tu, kwa sababu ami alikuwa bado hajaichora ng'ambo.

Ijumaa asubuhi mchezo huo ungeonyeshwa shuleni, kwenye somo la historia la darasa la sita, darasa la Ibtisam. Kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuucheza bila ami kuwepo.

Ibtisam aliucheza. Alasiri ami akienda msikitini, na bibi akisinzia na sindano mkononi, yeye aliweka kitambaa cha kufutia vumbi chini na kuingia njiani. Hakuwa anatafuta ushindi. Alitembea tu. Alisikia nyayo za wapagazi kwenye majani makavu, na wakati mwingine treni ya stesheni ilipopiga honi, honi ile iliingia mle porini nayo ikawa mlio wa ndege asiyemjua. Kila mara alisimama kwenye kijito, akautazama ukungu, akajiuliza nani yuko ng'ambo.

Jumatatu alizama mno. Alikuwa amesimama kijitoni aliposikia makubadhi ya ami barazani. Hapakuwa na wakati wa kuizima mashine taratibu. Alizima kioo peke yake, akakirusha kitambaa cha bibi juu ya sanduku lote, vishada vikaning'inia mbele ya ubavu ulio wazi.

"Imelala?" ami aliuliza kutoka mlangoni.

"Imelala, ami."

"Vizuri. Nakwenda kupiga picha za watu, nitarudi usiku."

Mara bibi akamwita achambue mchele, kisha akamtuma dukani, na katika kwenda na kurudi Ibtisam akasahau. Alikumbuka jua likiwa limeshuka nyuma ya mapaa. Alipoingia chumbani alisikia mashine ikihema chini ya kitambaa kama mtu mwenye homa aliyefunikwa blanketi. Harufu ya vumbi la moto ilikuwa imejaa. Alikivuta kitambaa kwa nguvu. Kona moja ikakataa, halafu ikaachia. Kishada kimoja hakikuwepo. Aliizima mashine, akasubiri ipoe, akaifunika tena, na ile kona iliyonyofoka akaikunja kwa ndani.

Siku ya pili ami aliufungua mchezo. Kengele ya Kwihara ililia ikakatikakatika. Mpagazi wa kwanza aliinua mguu, mguu ukabaki hewani. Msafara mzima ulisogea kwa kushtukashtuka kama watu wanaokanyaga miiba, kisha kioo kikawa cheusi. Ami aliwasha tena. Ikawa vilevile. Alichungulia ubavuni, akaziona feni zimesimama, akadhani zimepumzika.

Akamwita Jilala.

Jilala alikuwa kijana kutoka Choma, kule Igunga, aliyeacha kuchunga ng'ombe wa baba yake akaja kujifunza ufundi kwa ami. Wiki iliyopita aliifungua kadi ile, akafuta dawa ya zamani ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka, akapaka mpya.

"Uliifungua wewe," alisema ami.

"Niliifungua, bosi. Na nikaifunga."

"Ilikuwa nzima kabla hujaigusa."

"Na baada ya kuigusa ilikuwa nzima. Si ndiyo tuliyohariria harusi ya kule Ipuli?"

"Basi niambie imepatwa na nini."

"Niruhusu niifungue, nitakuambia."

"Hapana. Usiiguse tena." Ami hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Alhamisi asubuhi panda basi, nenda nyumbani kwanza. Nikikuhitaji nitakupigia."

Kila mtu katika nyumba ile alijua hilo neno *kwanza* lilikuwa na maana gani: simu haitapigwa. Ibtisam alikuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Alifungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

Jumatano shuleni hakusikia somo hata moja. Rafiki yake Dafrosa, aliyekaa naye dawati moja, alimsukuma kwa kiwiko.

"Wewe leo upo Tabora au umeshafika Ujiji?"

"Nipo."

"Upo wapi? Mwalimu kakuita mara mbili, nimekuitikia mimi. Ijumaa mwambie ami yako aniwekee punda, mimi siwezi kutembea porini kwa miguu."

Ibtisam alijaribu kucheka. Kichwani aliuona mguu wa yule mpagazi, umeinuliwa, hauna pa kukanyaga.

Aliporudi alimkuta Jilala barazani, anafunga mfuko wake. Bisibisi zake alikuwa amezifunga kwenye kipande cha kanga, moja moja, kama vitu vya kuvunjika. Ibtisam alikaa pembeni yake. Upepo ulipitisha vumbi jekundu mbele yao.

"Kaka Jilala, joto la kadi huwa linakwenda wapi?"

Jilala hakuonyesha kushangaa. "Katikati ya kadi kuna kijiwe kidogo, hakijazi hata kiganja chako. Hicho ndicho kinachochora kila jani na kila unyayo kwenye mchezo wa ami yako. Kikichora sana kinapata joto, kama mtu anayelima jua la saa sita. Sasa lile joto ni mzigo, lazima litoke. Juu yake kuna mirija ya shaba, na ndani ya mirija kuna maji kidogo sana. Yakiguswa na joto yanakuwa mvuke, yanakimbia na mzigo mpaka mwisho wa mrija, kwenye vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa. Pale yanautua, yanapoa, yanarudi kuchukua mwingine. Kutwa nzima ndiyo kazi yao."

"Kama wapagazi."

"Wapagazi hasa. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, mimi nikiitazama ile shaba namkumbuka."

"Na feni?"

"Feni zinautoa mzigo kambini uende zake nje. Feni ikikwama, au mlango ukizibwa, mizigo inajaa. Mpagazi anafika, hana pa kutua, anarudi na mzigo uleule. Kijiwe kikiona hivyo kinapunguza kasi ili kijiokoe. Kikizidiwa, kinazima."

Ibtisam alitazama vidole vyake vya miguu. "Mpagazi asiyepata pa kutua anafanyaje?"

"Anachoka, mdogo wangu. Afanye nini kingine?"

Jilala akaendelea kuvuta kamba ya mfuko. Ibtisam alisimama, akaingia ndani.

Ami na bibi walikuwa wanakunywa kahawa. Alipiga magoti mkekani, na neno la kwanza lilikuwa zito kuliko ndoo ya maji kichwani.

"Ami, si kaka Jilala. Ni mimi."

La pili likawa jepesi kidogo, na yaliyobaki yakafuata yenyewe: kijito, makubadhi barazani, kitambaa juu ya mashine iliyokuwa macho, kona iliyokataa. Alisema hata lile alilotamani kulibakiza.

"Uliniambia imelala," ami alisema.

"Nilikudanganya, ami."

"Umecheza siku ngapi?"

"Nyingi."

Bibi Saleha alikwisha inuka. Alirudi na kitambaa, akakitandaza mkekani. Kona moja ilikuwa uchi. "Hii niliiona jana," alisema, "nikamsingizia panya."

Ami aliweka kikombe chini, akatoka barazani. Ibtisam akamfuata.

"Jilala, fungua mfuko wako."

Uso wa Jilala ulibadilika, maana alidhani atapekuliwa. Hata hivyo aliufungua, akaupanua kabisa, akasogea nyuma.

"Toa bisibisi," ami alisema. "Njoo uangalie ulichotaka kuangalia jana. Nilikuhukumu nikakunyima hata nafasi ya kutazama. Nisamehe, bwana."

Kadi ilifunguliwa juu ya meza, dirisha likiwa wazi. Vibati vyake vilikuwa vimeota manyoya meupe ya kitambaa. Feni ya katikati, ukiisukuma kwa kidole, haikuzunguka. Jilala aliiinamisha kwenye mwanga, na pale chini ya mapanga, kwenye mhimili, mlikuwa na uzi mwekundu umejizungusha na kukaza.

"Bila kuambiwa, nisingejua pa kuanzia," alisema. "Ningeikagua dawa yangu kwanza."

Koleo lilikuwa nene mno. Bibi aliyekuwa amesimama nyuma yao alinyoosha mkono, akatoa sindano yake ya kroshia. Jilala aliipokea kwa mikono miwili, akauvuta uzi polepole, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kishada kikalala mezani kama kiwavi. Ibtisam alipewa mswaki mpya, akapiga mswaki kila kibati mpaka mkono ukamwuma, na hakuna aliyemwambia apumzike.

Walipoiwasha, kengele ya Kwihara ililia bila kukatika. Mpagazi wa kwanza aliinua mguu, akaushusha chini. Feni zote tatu zikaamka.

"Na basi la kesho?" Ibtisam aliuliza kwa sauti ndogo.

"Liende na wengine," alisema ami.

"Ng'ombe wa baba watanivumilia," alisema Jilala, akaanza kufungua ile kanga ya bisibisi.

Bibi Saleha alimvuta mjukuu wake karibu. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nimefunika vitu maisha yangu yote, lakini nilikuwa nafunika vumbi, na vumbi linatoka nje. Joto linatoka ndani. Ukilifunika halipungui, linazidi kuiva. Kosa nalo ni hivyohivyo. Umelifunika siku hizi mbili, nalo limekuunguza wewe, tena nusura limwunguze Jilala asiye na hatia. Siku nyingine ukikosea, sema lingali vuguvugu. Aliyeambiwa atajua pa kutazama."

"Ndiyo, bibi. Kaka Jilala, naomba unisamehe."

"Nimekusamehe zamani, pale ulipoinuka barazani."

Ami alimpa adhabu: asiuguse mchezo mpaka muhula uishe, na Ijumaa yeye ndiye awaeleze wenzake kwa nini ile mashine haiungui.

Ijumaa, Ibtisam alisimama mbele ya darasa, kando ya mashine ya ami, akaeleza habari za kijiwe, mirija ya shaba na maji yanayokwenda na kurudi. Kisha akaeleza habari za kishada na kosa lake mwenyewe. Dafrosa alinyoosha mkono.

"Na punda wangu?"

Darasa likacheka, na msafara ukaanza. Wapagazi walipita kwenye miombo, mwanga ukiwaangukia vipandevipande mabegani, mpaka kijitoni. Ibtisam alingoja ukungu. Haukuwepo. Ami na Jilala walikuwa wameshinda Alhamisi kutwa wakichora ng'ambo: kulikuwa na uwanda mpana, moto wa kupikia, na mtu mrefu aliyeutua mzigo wake, akakaa juu yake, akinyoosha shingo. Kwa mbali alifanana na Jilala.

Ibtisam alikuwa amepakata kitambaa cha bibi, sasa hakina kishada hata kimoja, kwani bibi alikuwa amevikata vyote. Alisikiliza feni zikitoa joto nje, taratibu, huku wapagazi wakivuka maji mmoja baada ya mwingine na kushusha mizigo yao.