Ua Jeupe la Tela

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Antonia alifagia karakana ya mama yake, Bertha, fundi wa umeme wa magari mjini Karatu. Alifagia huku magari ya watalii yakipita barabarani kuelekea Ngorongoro. Watu walitoka ng'ambo kuja kuiona kreta, lakini yeye, aliyezaliwa hapo hapo na sasa yuko darasa la sita, hakuwahi hata kuichungulia. Rafiki yake Winnie aliwahi kwenda mara moja, na tangu siku hiyo darasani hakukaliki. "Ukifika pale juu roho inaruka!" alisema kila alipopata nafasi, na hata alipokosa.

Wiki hiyo Mzee Sironka wa Soitsambu alileta tela jipya la kufunga nyuma ya pikapu yake. Alitaka kubebea mashine ya kusaga nafaka mpaka kijijini kwao. Antonia alipewa kazi ya kulipaka rangi. Alilipaka kijani, kisha mbele, pale palipokuwa na tundu la bolti, akachora ua jeupe, tundu likawa kitovu chake. Lilipendeza kweli, na wapita njia walisimama kulisifu.

Ijumaa jioni ikawa zamu ya taa.

"Kesho nitapanda na Mzee Sironka mpaka juu ya kreta, nione taa zinavyofanya kazi kwenye ukungu," alisema Mama. "Na wewe utakuja. Tutarudi na mjomba wako Raphaeli, atakayekuwa akiwarudisha watalii."

Antonia aliruka mpaka ndala ikamtoka mguuni.

Mama alivuta nyaya za breki na za indiketa, akampa Antonia waya mweupe. "Huu ndio unaorudisha umeme. Tunauita ethi. Kwangua rangi kwenye tundu la bolti mpaka chuma king'ae, ndipo uufunge. Rangi haipitishi umeme."

Antonia alishika kisu, akalitazama ua lake. Moyo ukagoma. Alikaza bolti juu ya rangi ile ile.

"Umekwangua?" Mama aliuliza kutoka chini ya pikapu.

"Ndiyo, Mama."

Tela lilipofungwa kwenye gari, Mzee Sironka aliingia kukanyaga breki. Taa zikawaka. Indiketa ya kulia, ikawaka. Ya kushoto, ikawaka! Antonia alishangilia kuliko wote, akajiambia kwamba mama yake hujisumbua bure.

Jumamosi waliondoka na mashine yao, taa zote zikiwa zimewashwa. Antonia alikaa dirishani, akiangalia kwenye kioo cha pembeni taa ndogo iliyokuwa kwenye kona ya tela. Gari lilipovuka tuta, taa ilizimika, kisha ikawaka. Tuta la pili, ikazimika tena. Huenda ni macho yangu, alijidanganya. Akisema, watarudi Karatu, na kreta itabaki kuwa ya Winnie peke yake.

Walipokaribia lango la hifadhi, ukungu ulishuka kutoka msituni, ukafunika barabara. Nyuma yao lori lilipiga honi ndefu. Lilikuwa karibu mno. Antonia alitazama kioo: taa ilikuwa imezimika kabisa.

"Mzee, simama! Tafadhali, egesha pembeni!"

Mzee Sironka aliegesha nje ya barabara, mbali na magari. Lori likapita likinguruma.

"Kuna nini?" Mama aliuliza.

"Sikukwangua rangi, Mama. Nililihurumia ua langu. Nikakudanganya." Machozi yalimtoka hata kabla hajamaliza.

"Lakini jana taa ziliwaka," alisema Mzee Sironka.

"Umeme ulikuwa ukijipenyeza kwenye ndoano inayovuta tela," alijibu Mama. "Gari likirushwa, chuma kinaachana na chuma, taa zinakufa." Akampa Antonia kisu. "Shuka. Utakwangua mwenyewe."

Antonia alifungua bolti, akakwangua. Petali zilidondoka kama vumbi jeupe mpaka chuma kikang'aa. Alifunga waya, akakaza kwa nguvu zake zote. Mzee Sironka akapanda juu ya tela, akaruka na kuruka, shuka lake jekundu likipepea, wala taa hazikuzimika. Antonia akajikuta anacheka huku bado analia.

"Sasa tunarudi nyumbani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Ungenyamaza, huenda tusingerudi nyumbani kabisa," alisema Mama. "Panda gari."

Walipanda mlima polepole ndani ya ukungu. Magari yaliyowafuata yaliziona taa zao, yakakaa mbali. Walipofika juu, upepo ulisukuma ukungu pembeni, na kreta ikafunguka yote: ziwa likimeremeta, nyati wadogo kama punje za mtama. Roho ya Antonia iliruka kweli. Winnie hakuwa ametia chumvi hata kidogo!

Mama alimshika bega. "Jana uongo wako uliwasha taa, ndiyo maana ulikupendeza. Uongo hufanya kazi vizuri gari likiwa limesimama. Barabarani kuna matuta, mwanangu, na nyuma yetu kuna watu. Fundi asiyesema kweli anaweza kuua mtu asiyemjua. Leo umesema kweli ukijua unaweza kuikosa kreta. Hiyo ndiyo kazi ya fundi."

"Sitarudia, Mama."

"Ashe, nakerai," alisema Mzee Sironka akimshukuru kwa Kimaasai, kisha akatabasamu. "Mtoto wangu, siku nyingine nichoree ua jingine. Ila mbali na bolti!"

Aliwaaga, akawaacha wakimsubiri Mjomba Raphaeli, akaondoka. Ukungu ulirudi ukameza pikapu, ukameza na tela. Antonia alisimama akitazama mpaka Mzee Sironka alipokanyaga breki kwenye kona ya mbali, na taa mbili nyekundu zikawaka, zikaonekana waziwazi.