Saruji Iliyogeuka Jiwe

Jumatatu, saa moja asubuhi, Fundi Timazi alifungua kufuli la kibanda cha mabati, akaingia, akapiga teke safu ya chini ya mifuko ya saruji ili kufukuza panya. Ndivyo alivyofanya katika kila kazi, kila asubuhi. Safari hii kidole gumba cha mguu ndicho kilichompa habari: ndani ya mifuko ile hamkuwa na unga tena. Mlikuwa na jiwe.

Alitoka akichechemea. Nje walimsubiri vibarua wake na watoto watatu wa Mzee, mwenye kiwanja, pamoja na mkwe mmoja, wote wamevaa nguo za kuchafuka. Siku hiyo ndiyo msingi ulipaswa kuchimbwa. Kwa miaka kadhaa kiwanja kilikuwa kimesubiri hati, hati ikasubiri mchoro, mchoro ukasubiri kibali, na kibali kilipotoka ikabidi wote wamsubiri Fundi Timazi, maana mjini hakuna aliyenyoosha ukuta kama yeye. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa na kamba zimevutwa.

"Saruji imekufa," Fundi alisema. "Yote."

Kaka Mkubwa, mwenye duka la vipuri, aliingia kibandani, akatoka na uso uliokunjamana. Yeye ndiye aliyewachangisha wenzake hadi mifuko ile ikanunuliwa. Alilishika kufuli, akaligeuza huku na huku.

"Halijavunjwa," alisema. "Funguo ni mbili. Moja ninayo mimi. Nyingine anayo huyu."

"Ndugu yangu, niharibu saruji nipate nini?" Fundi aliuliza.

"Upande wa pili wa mji kuna ghorofa linakuita. Kila mtu anajua. Kazi yetu ikikwama hapa mpaka mvua zipite, wewe una njia nyeupe."

"Linaniita, sikatai. Lakini mtu akitaka kuondoka huaga. Hamwagi maji."

Mkwe aliyekuwa pale alikuwa mke wa mtoto wa kati. Ukoo mzima ulimwita Sajini, na haukuwa utani, kwa sababu alikuwa sajini wa upelelezi kweli. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kubeba mawe kama wenzake.

"Fundi," aliuliza, "uliiona nzima lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi jioni, nikifunga. Jana sikuja, mlikuwepo ninyi wenyewe. Na jinsi ilivyokaza, hii haikulowa usiku wa kuamkia leo. Imelowa tangu Jumamosi."

"Jana nani alifungua kibanda?"

Hakuna. Jana ilikuwa Jumapili, na Jumapili kibanda hakikuwa na shughuli. Jumapili familia ilikuja kiwanjani kukaa tu: kunywa chai katikati ya vigingi, kugombania dirisha la jikoni, kucheka, na kurudi makwao jua likizama. Walifanya hivyo tangu kiwanja kiliponunuliwa.

Mume wa Sajini, fundi majokofu, mtu wa maneno machache, alimpigia baba yao simu na kuiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Shikamoo, Baba. Huku kumeharibika. Tumeikuta saruji imeganda, imekuwa mawe."

Ikaja sauti ya Mzee, taratibu kama kawaida yake.

"Poleni, wanangu. Msigombane. Ile mifuko ya juu itafaa kwa kazi ndogondogo. Mengine tungoje mvua zipite."

Simu ikakatika. Kaka Mkubwa alikuwa hasikilizi tena. Alikwishamshika Fundi Timazi mkono.

"Tunakwenda kituoni."

"Shemeji, ngoja kwanza," Sajini alisema. "Nipe muda nitazame."

"Sajini, kikulacho ki nguoni mwako. Wewe tazama. Mimi nataka aandikishe maelezo leo hii."

Wakaondoka, Fundi akichechemea, vibarua wake wakifuata nyuma kama watu wa msibani.

Sajini alibaki na mumewe na wifi yake, mtoto wa mwisho, muuguzi anayefanya kazi mji wa mbali. Aliingia kibandani, akachuchumaa. Mifuko ilipangwa juu ya mbao. Ya chini ilikuwa mawe matupu. Ya katikati ilikuwa imeganda nusu. Alipanda juu ya ndoo, akaikandakanda ile ya juu kabisa. Ilikuwa laini. Alitoboa mmoja kwa ncha ya ufunguo, na unga mkavu ukamwagika kiganjani mwake.

"Fundi alisema yote," mumewe alinong'ona.

"Fundi alipiga teke ya chini tu. Kaka yako naye hakupanda ndoo." Alishuka. "Mtu mwenye ufunguo angesimama hapa mlangoni na kumwaga kutoka juu. Haya maji yalipanda kutoka chini. Aliyeyaleta hakufungua mlango."

Walizunguka nyuma. Hapo palikuwa na pipa kubwa la maji ya kuchanganyia zege, limewekwa palipoinuka kidogo. Lilikuwa tupu. Kati ya pipa na ukuta wa mabati, udongo ulikuwa na rangi tofauti, ufito mwembamba ulionyooka. Sajini alifukua kwa kidole. Mtu alichimba mfereji mdogo, akayaelekeza maji yote chini ya mabati, kisha akaufukia na kuusawazisha vizuri.

"Kwa hiyo si Fundi," wifi yake alisema.

"Si lazima awe Fundi. Bado sijasema si yeye."

"Basi ni Mama Bustani. Wiki iliyopita tu alisema ukuta wetu utazinyima jua mboga zake. Na mpira wa maji anao."

Mama Bustani, jirani, alikuwa ameshafika kwenye ua wa miti uliotenganisha viwanja viwili, mikono kiunoni. Aliyasikia yote. Watu wa aina yake husikia hata yasiyosemwa.

"Njoo uufungue huo mpira, mwanangu," alimwambia Sajini. "Njoo."

Sajini alivuka, akafungua bomba. Likakohoa, likatoa hewa.

"Tangu Ijumaa," Mama Bustani alisema. "Mboga zangu mwenyewe zinakufa, nitapata wapi maji ya kumwagia saruji ya watu? Ukuta wenu nimeulalamikia, kweli, na nitaulalamikia tena. Lakini nimelalamika kwa mdomo. Mdomo haujagandisha saruji ya mtu."

"Pole, mama. Jumamosi jioni ulimwona mtu nyuma ya kibanda?"

"Nilikuwa ndani. Hakuja mgeni yeyote. Mzee wenu tu, alipokuja kuniachia viti."

"Viti gani?"

"Viti vyenu vya Jumapili. Si huwa vinaegemezwa hapo nyuma ya kibanda? Alivibeba kimoja kimoja akaviingiza kwangu. Nikamsaidia, maana alikuwa anahema. Akaniambia nimwekee visilowe."

"Ndiyo maana jana nilivitafuta," wifi alisema. "Baba ndiye aliyenielekeza viko kwa jirani."

Sajini alitazama juu. Anga lilikuwa jeupe, kavu, kama lilivyokuwa wiki nzima. Mvua ilikuwa inasemwa tu. Bomba lilikuwa halitoi. Na mtu alihofia viti vitalowa.

Alirudi taratibu hadi kwenye pipa tupu, akasimama hapo. Aliikumbuka simu ya asubuhi, neno kwa neno, kama alivyofundishwa kukumbuka maelezo ya shahidi. Mifuko ya juu itafaa. Hakuna aliyemwambia Mzee kwamba ya juu imepona. Saa ile hakuna aliyejua.

Mumewe alimwona uso ulivyobadilika. "Umempata?"

"Nipe mchana huu," alisema. "Na usiniulize kitu."

Kumkabili jambazi alikuwa amezoea. Jambazi unamketisha, unamkazia macho, unamwacha ajichanganye. Baba mkwe hukaziwi macho. Baba mkwe unamwamkia, unapokea kiti anachokuonyesha, unasubiri aseme kwanza. Sajini alipanga maneno njia nzima.

Mzee alikuwa mpiga chapa mstaafu. Alipanga vyumba viwili nyuma ya duka la dawa, na ndani kila kitu kilikaa mahali pake kana kwamba kimepangwa kwa rula. Picha ya marehemu mkewe ilikuwa ukutani, imenyooka. Mzee alikuwa amevaa miwani bila kuwa na cha kusoma.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako?"

"Nimekuja peke yangu."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa zaidi ya alivyouliza. Akamwonyesha kiti.

"Umekuja kama mkwe, au umekuja kama sajini?"

"Baba, ningependa nisichague."

Mzee alivua miwani, akaikunja. Sajini alimweleza alichokiona, bila kupandisha sauti, kama anamsomea mtu mgonjwa barua: pipa, mfereji uliofukiwa vizuri, mifuko ya juu, viti. Hakumuuliza swali hata moja. Alipomaliza alitazama sakafu.

"Vile viti," Mzee alisema hatimaye. "Nilijua vitaniponza. Lakini vingeoza."

"Kwa nini, Baba?"

Mzee aliinua macho kwenye picha ya ukutani.

"Mama yao alipofariki, watoto walikuja. Tukazika, tukalia, wakaondoka. Mwaka wa kwanza walipiga simu. Wa pili walipiga kidogo. Siwalaumu, kila mtu ana mzigo wake. Kisha mkubwa akasema, tumjengee Baba nyumba. Tukapata kiwanja. Na wewe umeona mwenyewe, mwanangu. Kila Jumapili! Mdogo anasafiri usiku kucha aje kunywa chai kwenye vumbi. Mkubwa na mumeo, waliokuwa hawasemezani, wanagombania dirisha. Nikawa naombea kibali kichelewe. Kikichelewa, nafurahi. Nikawa mtu wa kufurahia mkosi wa wanawe."

"Lakini nyumba ni yako, Baba. Ungekaa ndani yake nao wangekuja."

"Wangekuja?" Hakusema kwa ukali. "Mtoto akishamjengea babaye nyumba, ameshamweka mahali. Na mtu akishawekwa mahali, watu hawaji kumtazama kila wiki. Wanajua alipo, basi, inatosha. Nilitaka mvua moja tu ipite. Msimu mmoja wa Jumapili. Jumamosi nilikwenda kuangalia vigingi, nikaliona lile pipa, na jembe lile pale. Sikupanga. Nilipomaliza kufukia ndipo nikaona nilichokifanya."

Katika kazi yake Sajini alikuwa amesikia sababu nyingi: wivu, tamaa, pombe. Hii hakuwa ameisikia.

"Kuna jambo hujaambiwa, Baba," alisema. "Fundi Timazi yuko kituoni. Kaka Mkubwa amempeleka tangu asubuhi. Anahojiwa."

Mzee aliinua kichwa. "Anahojiwa kwa lipi?"

"Kwa saruji. Ana ufunguo."

Mzee alisimama. Alitafuta viatu vyake kwa miguu, kimoja akakikosa, akainama kukichukua na kukivaa bila soksi. Sajini akapiga goti na kumfungia kamba.

"Twende," Mzee alisema. "Twende kabla hawajamwandika jina."

Kituoni, Fundi Timazi alikuwa ameketi kwenye benchi, mguu umevimba. Kaka Mkubwa alisimama kaunta. Mdogo wake, yule fundi majokofu, alikuwa amefika na dada yao, nao walikuwa wanabishana na kaka yao kwa sauti ya chini. Wote walinyamaza walipomwona baba yao, shati limetoka nje ya suruali. Hawakuwahi kumwona hivyo.

Hakuketi. Alimwendea Fundi kwanza.

"Fundi, nisamehe. Maji nilimwaga mimi."

Kisha akawageukia watoto wake, akayasema yote aliyomwambia Sajini, mbele ya askari wa zamu na mwanamke mmoja aliyekuja kuripoti kupotea kwa simu. Hakujitetea. Alipofika kwenye Jumapili sauti ilimkatika, akasubiri irudi, akaendelea. Binti yake alianza kulia mapema. Mume wa Sajini alitazama ukutani.

Kaka Mkubwa ndiye aliyesema kwanza. "Baba, ungesema tu. Ungetuambia, njooni."

"Ningesemaje?" Mzee alimjibu. "Niwaombe wanangu waje kunitazama? Mliponijia wenyewe ndiyo ilikuwa tamu."

Kaka Mkubwa alimwambia askari kwamba hana shitaka. Alimwomba Fundi radhi, maneno matatu, makavu, macho chini. Kisha akatoka nje bila kumuaga mtu, na wakasikia gari lake likiwaka.

"Mwacheni," Fundi Timazi alisema, akijinyanyua. "Amepata kipigo kikubwa kuliko changu. Mzee, ghorofa nitakwenda, nisikudanganye. Mvua zikipita, ukinihitaji, nitakuja. Ila funguo nitashika zote mbili."

Hata Mzee alicheka kidogo, kisha akafuta macho.

Wiki ile ilikuwa nzito. Mvua ilifika Alhamisi na kuvijaza maji vishimo vya vigingi. Kaka Mkubwa hakupokea simu ya mtu. Jumapili asubuhi, Sajini na mumewe hawakuelekea kiwanjani. Walikwenda nyuma ya duka la dawa. Walimkuta Mzee amevaa vizuri, ameketi, hana pa kwenda. Hakuwauliza habari za mkubwa. Walizungumza habari za mvua, zikaisha, wakazirudia.

Saa nne gari lilisimama nje. Kaka Mkubwa aliingia akainamisha kichwa mlangoni, maji yakimtiririka mabegani. Alimwamkia baba yake, akaitikiwa. Akabaki amesimama, akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Umekula, Baba?"

"Bado."

"Wajukuu wako wanakungoja. Mdogo wetu amefika kwangu jana, anasema harudi kazini mpaka akuone."

Mzee alishika kiti, akainuka polepole. "Tutapitia kiwanjani?"

"Kiwanjani kuna nini, Baba? Tope tu." Alichukua koti la Mzee kutoka msumarini, akalifungua, akamngojea aingize mkono. "Tunakwenda kwangu. Hujawahi hata kuiona sebule yangu."