Kapu Nje ya Wigo

Kila asubuhi, ukungu ukishaondoka mtoni, Mwanaamina na binti yake Mwanaidi walijitwisha mitungi kwenda kuteka maji. Kijiji chao kilikuwa bondeni, ukingoni mwa mto Rufiji, kusini ya Kibiti. Hapo hakuna aliyechota maji ovyo, maana mamba walikuwa wengi na hawakuwa na haya. Wanawake walichota ndani ya wigo, yaani uzio wa miti iliyokitwa majini. Maji yalipita katikati ya miti, mamba wakabaki nje. Wigo ule aliujenga Mfaume, mume wa Mwanaamina, kabla ya vita.

Siku hizo wigo ulikuwa na kazi nyingine pia. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, askari wa Wadachi walikuwa wamechukua kilichobaki ghalani, na watu walikuwa wakichimba ndiga msituni. Ndiga ni kiazi mwitu chenye sumu. Hukatwa vipande vyembamba, hutiwa kapuni, kisha hulowekwa kwenye maji yanayokwenda, siku baada ya siku, mpaka sumu itoke. Makapu ya kijiji yalifungwa kwenye miti ya wigo, mto ukiyaosha mchana na usiku.

Mfaume hakuwapo kuyaona hayo. Askari walimkamata akitoka shambani, wakamtwisha sanduku la risasi, wakaenda naye milimani kupigana na Wamatumbi. Hakurudi. Mpagazi mwenzake alileta habari kwamba alikufa njiani kwa kuhara, na kwamba alizikwa vizuri, ila aliposema hilo la kuzikwa alitazama chini. Tangu siku hiyo Mwanaamina hakutaka watu. Barazani hakuonekana, kwenye kusuka ukili hakuonekana. Ukimsalimu aliitikia, akaishia hapo.

Ndipo akaja Tabu. Alitoka huko huko milimani, amemshika mkono mwanawe mdogo, Nassibu, na nyuma yake anajikongoja mama mkwe wake, Bibi Mwamini. Jumbe aliwapa kibanda kitupu jirani na Mwanaamina. Kijiji kizima kilijua kwamba mume wa Tabu alikunywa ile dawa ya maji, akaenda vitani akiamini kuwa risasi za Wadachi zitageuka maji. Risasi zikabaki kuwa risasi.

Mwanaamina alijua kwamba huyu naye ni mjane kama yeye, tena mwenye njaa kuliko yeye. Alijua, lakini kila alipomwona alimchukia. Alijiambia kwamba bila watu wa milimani na vita vyao, Mfaume angekuwa hai.

Asubuhi moja walipokuwa wakirudi kutoka mtoni, Mwanaidi alisimama ghafla.

"Mama, hebu tazama. Mama Nassibu anatia ndiga zake bwawani!"

Bwawa lile lilikuwa nyuma ya vibanda, maji yaliyobaki gharika ilipopungua. Kwao Tabu, milimani, kila maji yaliyopita nyuma ya nyumba yalikuwa kijito kinachoteremka. Bondeni mambo si hivyo. Maji ya bwawa yalikuwa yamesimama tuli.

"Maji yale hayaendi, mama. Nikamwambie aje wigoni?"

"Ya watu waachie wenyewe. Amekuuliza?"

"Hapana, lakini..."

"Basi, tembea."

Wakati huo Tabu aliinua uso. Macho yake yakakutana na macho ya Mwanaamina. Mwanaamina akageuza shingo, akaenda zake na mtungi wake kichwani. Mwanaidi, aliyefunzwa asimbishie mama yake, alimfuata.

Siku zikapita. Adhuhuri moja Mwanaamina alikuwa akitwanga ndiga zake kavu aliposikia yowe kutoka kibanda cha pili. Mchi haujafika chini, alikwisha jua ni nini. Alikimbia.

Bibi Mwamini alikuwa amelala sakafuni, mwili ukimtetemeka na povu likimtoka mdomoni. Desturi ya bibi huyo tangu njaa ianze ilikuwa kuonja yeye kwanza. "Mimi nimekula chumvi nyingi," alikuwa akisema, "nikienda mimi si neno." Siku hiyo alionja, akakaa, akajiona mzima, ndipo akasema mtoto apewe kidogo. Sumu ilichelewa kuonekana, basi. Nassibu naye sasa alikuwa akitapika, na magoti hayamshiki.

"Mlaze bibi ubavu, asipaliwe!" Mwanaamina alipiga kelele. "Mwanaidi, kimbia kaite watu!"

Alimpakata mtoto yule, akamfuta matapishi kwa khanga yake. Watu walikuja. Lililowezekana lilifanywa, nalo lilikuwa dogo. Alasiri Bibi Mwamini alikata roho. Jua lilipokuwa likishuka, Nassibu alifumbua macho akaomba maji.

Tabu hakuwa na ndugu pale wala sanda. Mwanaamina alikwenda kwake, akafungua kasha, akatoa shuka jeupe la Mfaume la siku ya Idi, lile ambalo alikuwa hajapata mtu wa kumvika. Wanawake hao wawili waliingia ndani wakamwosha bibi. Walipomaliza kumvisha sanda, Mwanaamina hakuweza kuvumilia tena.

"Mama Nassibu, nilikuona siku ile bwawani. Nilijua yale maji hayafai. Nikanyamaza."

Tabu alikuwa akinyoosha pindo la shuka, akilinyoosha tena na tena.

"Nami nilikuona unanitazama," alisema mwishowe. "Maji yale yalinitia shaka. Yalikuwa na utando. Nilitaka nikuulize, lakini niliambiwa mumeo aliwabebea Wadachi risasi. Nikaapa kwamba huyu simwombi neno."

"Alibebeshwa kwa fimbo, mwenzangu."

"Na wangu alidanganywa."

Walilia, kila mmoja akimlilia mumewe, na wote wawili wakimlilia yule bibi. Nisiwadanganye, hawakuwa marafiki siku ile. Mtu aliyekwisha kufiwa na kujaa chuki hapati rafiki kama mtoto apatavyo wa kucheza naye. Tabu alikaa siku nyingi bila kutoka, na alipopita Mwanaamina, Tabu alimtazama kwa jicho zito. Mwanaamina hakuacha kupita. Alimletea Nassibu uji, akauweka mlangoni, akaenda zake.

Asubuhi moja alibisha hodi.

"Twende mtoni, nikuonyeshe pa kufunga kapu."

Tabu alichukua kapu lake, akamfuata. Walipofika alisimama nje ya uzio. "Huu ni wigo wa mumeo."

"Aliujenga ili watu wasife. Ingia."

Tabu aliingia majini. Mwanaidi alikuwa ukingoni na mtungi, uso umemwiva.

"Mama, siku ile ungeniacha niseme..."

"Bibi angekuwa hai," Mwanaamina alisema. Hakujificha. "Wewe uliona sawa, mwanangu, mimi ndiye niliyekosa. Sikiliza ulishike hili: ukimwona mtu anaingia kwenye hatari, mwambie, hata kama humpendi, hata kama hakukuuliza. Urafiki unaweza kungoja, lakini uhai haungoji."

"Na aliye mgeni aulize," Tabu alisema, akiwa ameinamia kapu lake. "Aibu ya kuuliza mimi nimeilipia."

Aliifunga kamba kwenye mti, karibu na kapu la Mwanaamina, akaivuta kuijaribu. Kisha akainua uso.

"Hivi itashika?" aliuliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu afike kijijini. Mwanaamina alisogea ndani ya maji akaishika kamba pamoja naye.

"Bado," alijibu. "Tuikaze kidogo."