Gome Katika Chupa ya Gichovi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Wawira alipanda juu ya pipa lililokuwa nyuma ya nyumba yao na kupanga chupa za maji juu ya paa la mabati. Alizilaza kwa ubavu ili jua lizipige vizuri. Jioni, zikiwa zimeanza kupoa, aliziteremsha, na hayo ndiyo yaliyokuwa maji yao ya kunywa.

Waliishi katika nyanda kavu za Mbeere, upande wa Embu, ambako watu na ng'ombe walitegemea bwawa moja. Kuni zilikuwa adimu. Mwalimu Nyaga, aliyefundisha sayansi, ndiye aliyewaonyesha wanafunzi njia hiyo.

"Mwanga wa jua huua vijidudu vilivyo majini," aliwaambia, "lakini sharti uvifikie. Acheni tope litulie, mchuje maji, kisha msimamishe chupa juu ya ukurasa wa kitabu. Ukichungulia mdomoni mwa chupa na kuyasoma maandishi yaliyo chini, maji yanafaa kuanikwa."

Wawira alifuata maagizo hayo bila kuruka hata moja. Majirani wakaiga. Elphas, mfugaji wa mbuzi aliyependa mzaha, kila alipopita alisema, "Siku hizi kwa kina Wawira jua ndilo mpishi. Ugali litapika lini?"

Aliyekataa maji hayo ni mmoja tu: Gichovi, mdogo wake Wawira, aliyekuwa na umri wa miaka minne.

"Yananuka chupa," alilalamika. "Nataka ya cucu."

Maji ya cucu, yaani nyanya yao, yalikuwa yamechemshwa pamoja na kipande cha gome la mgunga. Yalikuwa mekundu na machungu kidogo, na watu wa nyumba ile waliamini kwamba yanaimarisha tumbo. Gichovi alikuwa ameyazoea tangu akiwa mchanga.

"Cucu," Wawira aliuliza siku moja, "nikitia gome kwenye chupa yake kabla ya kuianika, si litaiva kwa jua?"

"Litaiva," cucu akajibu. "Jua la huku linaivisha hata mawe. Basi atapata dawa mbili katika chupa moja."

Wawira alichagua chupa ndogo yenye kifuniko cha buluu. Aliisimamisha juu ya kitabu, akayasoma maandishi, kisha akatumbukiza gome na kuifunga. Kufikia saa sita maji yalikuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Jioni Gichovi aliyanywa yote na kuomba mengine.

"Sasa anakunywa bila kubembelezwa," mama yao alisema, na Wawira alifurahi. Tangu siku hiyo chupa ndogo ilikuwa ya Gichovi peke yake.

Mvua za Novemba zilipoanza, zilisomba kinyesi cha mifugo hadi bwawani. Alfajiri moja Gichovi alianza kuhara. Mama yake alimpa maji yenye chumvi na sukari, lakini hayakukaa tumboni. Kabla ya adhuhuri macho yake yalikuwa yametumbukia ndani. Riungu, kijana wa bodaboda, aliwapakia Gichovi na mama yake kwenda kituo cha afya. Njiani kijito kilikuwa kimefurika, ikabidi wangoje maji yapungue.

Kituoni, muuguzi alitafuta mshipa wa kumtilia dripu mkononi, kisha mguuni, asiupate. Gichovi alifariki jioni hiyo. Baba yake, aliyefanya kazi katika bucha huko Kiirua, alifika kesho yake. Walimzika kando ya shamba la mtama.

Baada ya mazishi Elphas aliacha mzaha. "Mtoto alikunywa maji ya jua na amekufa," aliwaambia majirani. "Mimi nimeteremsha chupa zangu."

Wengine wakafanya vivyo hivyo. Paa baada ya paa likabaki tupu.

"Mama ametupa zetu," Makandi, rafiki yake Wawira, alimweleza darasani. "Kuni hakuna, kwa hivyo mtoto wetu anakunywa ya bwawa moja kwa moja. Kwani si ni sawa tu? Jua halifanyi chochote."

Wawira alifungua daftari lake. Alijua jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Nyumbani kwao kila mtu alikunywa maji ya chupa kubwa, na hakuna aliyeugua. Ni Gichovi tu aliyekunywa ya chupa ndogo. Akinyamaza, lawama ingebaki kwa jua, na mtoto wa kina Makandi angeendelea kunywa maji ya bwawa. Akisema, mama yake angejua ni mkono wa nani uliotia gome.

Masomo yalipoisha alibaki nyuma. "Mwalimu," alisema, "chupa ya Gichovi haikuwa kama zile zingine." Akaeleza yote.

Mwalimu Nyaga alisikiliza hadi mwisho. Hakumwambia kwamba ana kosa, wala kwamba hana. "Tutapima," alisema.

Alimwita Salesio, afisa wa afya wa eneo hilo. Walijaza chupa mbili kwa maji yale yale ya bwawa, yakiwa yamechujwa, na kutia gome katika moja. Walizianika pamoja kutwa nzima. Kisha Salesio akadondosha maji ya kila chupa kwenye kibao chake kidogo cha kupimia, na kuviweka vibao mahali penye joto ili vijidudu vilivyosalia vikue na kuonekana.

Aliporudi na matokeo, majirani walikuwa wamekusanyika uani kwa kina Wawira. Kibao cha maji meupe kilikuwa safi. Cha maji ya gome kilijaa madoa, kama punje za wimbi zilizomwagika.

"Kwa hivyo gome ni sumu?" Elphas aliuliza.

"Hapana," Salesio akasema. "Rangi inayotoka kwenye magome, majani na mboji hunyonya mwanga. Ni kama kivuli kilichoyeyuka ndani ya maji. Ni kweli kwamba rangi hiyo ikinyonya mwanga inaweza kusaidia kuvunja uchafu wa aina fulani. Lakini maji yakiwa mekundu namna hii, kivuli kinaushinda msaada. Jua lilipiga chupa, vijidudu halikuvifikia."

"Gome lilikuwa langu," cucu alisema kwa sauti ya chini.

"Niliyelitia ni mimi, cucu," Wawira akasema.

Mama yake, ambaye tangu mazishi alikuwa haongei sana, akainua kichwa. "Ndiyo chupa iliyomuua?"

"Mama Wawira, hilo siwezi kukuambia," Salesio alijibu. "Watoto huchota bwawani kwa mikono. Ninaloweza kusema ni kwamba maji ya chupa ile hayakuwa salama. Anayetaka gome alichemshe pamoja na maji, kama zamani. Jua lipewe maji yasiyo na kitu ndani."

Mama aliinuka. Aliingia ndani.

Kesho yake asubuhi, Elphas alifika mapema. "Nimekuja kuazima pipa," alisema. "Paa langu ni refu na mimi ni mfupi." Mama yake Makandi naye alianza kukusanya chupa upya.

Shuleni, Mwalimu Nyaga alimwita Wawira pembeni. "Ulijua mambo mawili mema, ukayachanganya bila kuyapima pamoja," alimwambia. "Nami nilikufundisha kupima asubuhi, nikasahau kukwambia upime tena jioni. Upendo hauoni vijidudu, Wawira. Ukibadilisha njia, pima upya. Na ukiona kosa, liseme mapema hata kama linakuumiza, kwa sababu kuna mtu ambaye bado hajanywa."

Siku iliyofuata Wawira aliosha chupa yenye kifuniko cha buluu, akaijaza maji yaliyochujwa, akayasoma maandishi na kuilaza mwisho wa safu. Jioni aliyasoma tena. Alipokuwa akisita na chupa mkononi, mama yake aliichukua, akamimina maji kikombeni, na akanywa.