Jina Baada ya Alama ya Kuuliza

Land Cruiser ya Raushan iliruka tuta, ikatua mbele ya lori, ikaziba barabara yote.

Lori lilifunga breki. Matairi yakalia.

"Shuka, mzee. Polepole."

Dereva alishuka mikono juu, macho yake kwenye bastola ya Makarov ya Raushan. Nyuma, chini ya magunia ya vitunguu, zilikuwepo pembe za saiga, swala wa nyikani, zimefungwa mafungumafungu kama kuni.

Raushan hakuzitazama mara mbili. Pembe kama hizo ndizo zilizosababisha kifo cha Maksut, mume wake, askari wa wanyamapori. Siku aliyouawa, Raushan alikuwa akiongea naye kwenye redio ya mawasiliano. "Nawaona, wako watatu, na..." Ukasikika mlio wa risasi. Kisha mtu mwingine akaishika redio. Sauti nzito, ya kukwaruza, isiyo na haraka.

"Usimpikie leo."

Tangu siku hiyo aliisaka sauti hiyo.

"Bosi wako yuko wapi?"

"Sijawahi kumwona, afande. Wallahi. Ananipigia simu tu. Leo nilikuwa niende nikamchukue harusini, nimpeleke uwanja wa ndege. Akipanda ndege, harudi tena."

"Harusi ya nani?"

"Sijui. Amenitumia kadi ili nione ramani."

Kadi ilikuwa ya mtandaoni, kama kadi zote za mji huu wa Shymkent, Kazakhstan, siku hizi. Ukiifungua unakuta wimbo, picha ya bibi harusi na ramani ya ukumbi. Jina la mgeni halimo.

Raushan aliituma kwa simu kwa Zhandos, mtaalamu wa kompyuta wa kitengo chake cha polisi.

"Dada, kadi hii si wanayo wageni wote?" Zhandos aliuliza kupitia kifaa cha sikioni mwa Raushan.

"Kila mtu ana yake. Nilipomwozesha mdogo wangu nilizituma mwenyewe mpaka vidole vikafa ganzi. Kila mgeni ana anwani yake, na jina lake liko mkiani. Tazama baada ya alama ya kuuliza."

"Naona 'qonaq', mgeni. Halafu takataka. Alama za asilimia na tarakimu, mstari mzima."

"Ni herufi zetu za Kikazaki, zimevurugwa njiani. Zirudishe."

Vidole vya Zhandos viligonga kompyuta yake ya ThinkPad.

"Naandika. Tupa kila kitu kabla ya alama ya kuuliza. Chukua kilicho baada ya 'qonaq'. Rudisha herufi..." Akaguna. "Jina limegandana na namba ya meza."

"Kata kwanza pale kwenye alama ya &. Ndipo urudishe."

"Usinifundishe kazi, dada." Vidole vikagonga tena. "Haya, sawa. Nimekata. Linasomeka 'Mjomba Torebek'."

Raushan alicheka bila furaha. Mtu huyo alibadili pasipoti kama soksi. Lakini kadi hii aliandikiwa na dada yake, mama wa bibi harusi, na kwa dada yake hakuwa na jina la bandia.

"Nikuletee kikosi?"

"Wakae milangoni. Ndani asiingie mtu. Huyu ni wangu."

Ukumbini mvuke wa beshbarmak, nyama iliyochemshwa na tambi, ulikuwa ukipanda mezani. Raushan alipita kati ya wageni, mtandio begani, akamwinamia mshereheshaji.

"Kaka, Mjomba Torebek hajatoa baraka."

"Mjomba mzima? Aibu gani hiyo." Akainua kipaza sauti. "Mjomba Torebek, simama. Bibi harusi haondoki bila neno lako."

Kwenye meza ya pembeni, mwanamume mwenye suti ya kijivu alitikisa mkono kukataa. Wageni wakapiga makofi. Dada yake akageuka, akamkazia macho.

Mjomba hawezi kukataa kumbariki mtoto wa dada yake mbele ya ukoo mzima.

Alisimama.

"Mwanangu," alisema, "nenda salama."

Sauti nzito. Ya kukwaruza. Isiyo na haraka.

Kidole cha Raushan kiligusa kifyatulio cha bastola aliyoificha ndani ya mtandio. Akasubiri. Torebek alibariki nyumba, akabariki watoto watakaozaliwa, akamaliza.

"Amina," Raushan alisema pamoja na wote. Kisha akamsogelea Torebek, akaubana mdomo wa bastola kwenye mbavu zake.

"Wewe nani?"

"Mke wa Maksut. Nimekuacha umalize maneno yako. Yeye hukumwacha."

Rangi ilimtoka usoni. "Humu mna watoto."

"Ndiyo sababu bado unapumua."

"Basi nitoe kwa mlango wa jikoni. Kimya kimya."

"Ningeweza," Raushan alisema. "Sitaki."

Pingu zikalia.

Alimpitisha katikati ya ukumbi, meza baada ya meza. Dombra, gitaa la nyuzi mbili, ilinyamaza. Shangazi zake walifunika midomo. Torebek aliinamisha kichwa. Raushan akamwinua kidevu kwa mdomo wa bastola, ukoo umwone vizuri.

Mlangoni akamkabidhi kwa askari.

Dada yake alikuja mbio, upawa mkononi. "Mnampeleka wapi? Hata hajala. Nimwekee nyama yake?"

Torebek aliinua macho. Alijua jibu kabla halijatoka.

"Usimpikie leo," Raushan alisema.

Akatupia mtandio begani, akatembea hadi kwenye gari lake.