Mji wa Magunia wa Moshono

"Shilingi mia tatu na arobaini," Fundi Shomari alisema, "na usinichekee, karani. Mji umesimama. Lipeni."

"Punguza sauti, fundi." Elinami alimtupia jicho bwana wake, mzungu wa sinema, aliyekuwa akifunga masanduku ya kamera kwenye kona ya ghala la kahawa. "Bwana anasema filamu imerudi kutoka Nairobi imeharibika. Na umeiharibu wewe."

"Mimi? Mimi nimeishika kamera yake lini?"

Shomari alikuwa mtu wa Daraja Mbili. Shule hakuiona, ila hakuwahi kumpunja mtu hata kopo la chokaa. Mzungu alimkuta akipiga lipu duka la Mhindi, akamtaka amjengee mji mzima kule Moshono: maghorofa meupe na barabara zisizojua tope, ili watu waone kwenye sinema watakavyoishi kesho. Mji wenyewe ulikuwa mbao na magunia yaliyopigwa lipu. Mbele ghorofa, nyuma nguzo za kuegemeza, kisha migomba ya Wameru.

"Kuna mtu dirishani, ghorofa ya tatu," Elinami alisema. "Kijana wako mmoja alipanda ngazi kufanya mzaha."

"Dirisha lile halina sakafu nyuma yake. Alisimama juu ya nini, juu ya mdomo wako? Nionyeshe."

Wakafunga milango ya ghala, mashine ya sinema ikaanza kukoroma, mji ukatokea kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Ulikuwa mzuri kuliko alivyoujenga, jambo lililomkera. Kisha pazia likasogea. Shomari hakuweka pazia hata moja. Mwanamke akatokeza mikono akaanika kanga, na kanga ikawa inadondosha maji, na nyuma yake mtoto akapita mbio, na dirisha la pili likafunguka na la tatu na yote yaliyobaki, kila moja na uso wake, na nyuso zile zikageuka pamoja, taratibu, zikaacha kuitazama barabara zikamtazama yeye, yeye Shomari aliyekaa juu ya gunia la kahawa, huku ghala zima likinuka udi na lipu mbichi.

"Jana alikuwa mmoja," Elinami alinong'ona. "Haki ya Mungu, alikuwa mmoja tu."

Nje gari liliunguruma. Mzungu alikuwa amepenya mlangoni gizani, akaondoka bila hata kuchukua kofia yake.

"Hela zangu zinakimbia!" Shomari aliruka. "Vijana wangu wanane nitawaambia nini?"

"Achana nazo, fundi. Mjini wameshaanza kusema. Mama mmoja wa Engutoto alikwenda kule kuuliza chumba, akaambiwa vimejaa."

"Akaambiwa na nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe uliyejenga."

Hapo Shomari akakumbuka. Kwao mafundi, nyumba ikiisha, fundi husimama mlangoni akapiga hodi, na mwenye nyumba huitikia karibu akiwa ndani. Akishaitikia, nyumba ameipokea, na malipo ya mwisho ni juu yake. Siku ya kumaliza mji ule Shomari alipiga hodi kwa mazoea tu, mzungu mwenyewe hayupo, vijana wakimcheka. Na ndani kuliitikiwa. Alidhani ni mmoja wa vijana. Lakini vijana wote walikuwa nyuma yake, wakicheka.

Akachukua mwiko wake wa lipu akatoka.

"Unakwenda wapi?" Elinami alimfuata mbio. "Twende kwa mwalimu akasome dua! Au kwa mchungaji wetu. Hata wote wawili, fundi!"

"Dua ni ya mtu anayetaka watoke. Mimi nataka changu."

Walipofika Moshono ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka, mchana umefifia. Kutoka juu, mahali pasipo na juu, kulisikika kinu kikitwangwa, na maji yakimiminwa, na mtoto akibembelezwa kwa lugha ambayo haikuwa Kiswahili wala Kimeru wala Kimasai, na magunia yalikuwa yakituna na kunywea, yakituna na kunywea, kama kifua cha mtu aliyelala, ingawa upepo haukuwapo. Mlango ambao Shomari aliupigilia misumari kwa mkono wake ulikuwa wazi. Elinami aliuona, akageuka, akakimbia bila kuaga.

"Hodi," Shomari alisema.

"Karibu, fundi." Sauti ilitoka madirisha yote kwa pamoja, tamu, ileile ya siku ile. "Ingia ndani. Sasa kuna sakafu."

Shomari akachomeka mwiko kwenye fremu ya mlango.

"Siingii. Nilipiga hodi, mkaitikia. Nyumba ni zenu. Shilingi mia tatu na arobaini. Leteni."