Mkate Ulioungua Upande Mmoja

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa jikoni akikanda unga kwa hasira. Unga wenyewe haukuwa na kosa lolote. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake. Yeye ni fundi nguo, na anamjua mke wake: akikanda hivyo, usimwulize kitu mpaka unga uumuke.

Lakini subira Baba Pacha hana.

"Wale wa kazi wamekupigia?"

"Wamenipigia."

"Wamesemaje?"

"Asante, tumepata mtu mwingine."

"Tena?"

"Tena," alisema Mama Pacha, akaupiga unga ngumi.

Mama Pacha ni mwokaji wa mikate. Miaka mingi alioka kwa Mzee Kofia, mwenye kiwanda cha mikate, ambaye kofia yake haivui hata mbele ya tanuri. Aliacha kazi kwa sababu zamu ya usiku ilimfanya asiwaone watoto wake pacha. Alitoa taarifa mapema, akaaga vizuri. Tangu hapo ameomba kazi kila penye tanuri. Watu wanamchangamkia sana. Kisha wanampigia Mzee Kofia kuuliza habari zake, na uchangamfu wote unakwisha.

Cherehani peke yake haiwezi kulisha nyumba. Halafu Mama Pacha anapenda kuoka. Asipooka, anakuwa kama mgonjwa, na nyumba nzima inaumwa naye.

"Kuna mtu ananiharibia," alisema.

"Tutajua leo leo," alisema Baba Pacha. Akachukua simu, akampigia Mzee Kofia, akaweka spika. "Halo! Hapa ni hoteli kubwa," alisema kwa sauti nzito aliyoitoa tumboni.

"Hoteli ipi?" aliuliza Mzee Kofia.

"Kubwa. Tunataka kumwajiri Mama Pacha. Unamjua?"

"Namjua sana! Anaunguza mikate. Tena mvivu, tena mgomvi. Mkimchukua, mtalia."

Hapo Baba Pacha akasahau kwamba yeye ni hoteli.

"Mke wangu si mvivu! Mgomvi ni wewe!"

Mzee Kofia akaitambua sauti.

"Fundi? Ni wewe? Suruali yangu iko wapi? Uliniahidi Ijumaa!"

Baba Pacha akakata simu. Akaitazama suruali ya Mzee Kofia, iliyoning'inia ukutani ikisubiri kupunguzwa urefu.

"Hii," alisema, akichukua mkasi, "itaishia magotini."

"Weka mkasi chini, shemeji!" ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa jirani yao, mama wa ofisi ya kazi, yule anayesuluhisha wafanyakazi na waajiri. Jengo zima linamwita Afisa. Alikuwa anaanika nguo koridoni, na shati la mumewe lilikuwa bado linadondosha maji mkononi mwake.

"Nimesikia yote," alisema. "Hata wa chini wamesikia. Shemeji, usijifanye hoteli tena. Ukijifanya mtu mwingine, mwongo utakuwa wewe."

"Sasa tumfanye nini? Tumshtaki?"

"Ngoja kwanza. Mama Pacha, nikuulize jambo, na usinikasirikie. Umewahi kuunguza mikate?"

"Hajawahi!" alijibu Baba Pacha.

"Nimewahi," alisema Mama Pacha polepole. "Siku moja. Lile tanuri linachoma upande wa kushoto. Lazima trei zigeuzwe katikati ya kuoka. Siku hiyo Mzee Kofia aliniita mlangoni, akanigombeza kwamba sikufunga aproni vizuri. Akagomba, akagomba, mpaka harufu ikatufikia pale pale mlangoni."

"Mbona hukuniambia?" aliuliza mumewe.

"Ulikula mikate hiyo wiki nzima, ukaisifu."

Afisa alicheka, kisha akakaa. "Basi hilo liseme wewe kwanza. Ukiomba kazi, mwambie mwajiri mpya kabla hajapiga simu. Iliungua siku moja, sababu ni hii, nikajifunza hivi. Sema kwa kifupi, na usimtukane bosi wa zamani."

"Hata kidogo?" aliuliza Baba Pacha.

"Hata kidogo. Ukimtukana, anayekusikiliza atajiuliza na yeye utamsema vipi. Halafu, kwa nini unatoa namba ya Mzee Kofia peke yake?"

"Si ndiye aliyekuwa bosi wangu?"

"Na msimamizi wako wa zamu? Na yule mpishi wa shule aliyekuwa anakuja kuchukua mikate? Hao waliiona kazi yako kwa macho. Waombe ruhusa, halafu utoe na namba zao."

"Na uvivu na ugomvi, je?" aliuliza Mama Pacha. "Maneno hayo yananiuma, Afisa. Nimemfanyia kazi yule mtu mpaka mgongo ukapinda."

"Najua. Nenda kwake mchana kweupe, ukiwa na mtu mmoja wa kusikia. Mwombe kwa utulivu aseme ukweli tu: ulifanya kazi gani, tangu lini mpaka lini, uliondoka vipi. Wengi wakiambiwa kwa adabu wanaacha. Akiendelea, andika amesema nini, kwa nani, siku gani, uje ofisini kwetu au uende chama cha wafanyakazi. Tutaangalia sheria inaruhusu nini."

"Mtu wa kusikia nitakuwa mimi," alisema Baba Pacha.

"Wewe hapana!" walisema wanawake wote wawili.

Mama Pacha alikwenda na mpishi wa shule. Mikate ya Mzee Kofia ilikuwa imepangwa kwenye meza ya duka la kiwanda, yote myeusi upande wa kushoto. Mama Pacha hakuitaja. Alieleza ombi lake, taratibu, kama alivyofundishwa.

Mzee Kofia akarekebisha kofia. "Nitasema ninachotaka. Mdomo ni wangu."

Maneno makali yalimpanda Mama Pacha mpaka kwenye meno. Akayameza. "Nimekusikia, mzee. Asante," alisema, wakatoka.

"Mimi ningemrushia mkate," alisema mpishi wa shule barabarani.

"Ungemuua. Hukuona ulivyokauka?"

Wiki iliyofuata Mama Pacha aliomba kazi kwenye kiwanda kingine. Mwenye kiwanda alikuwa mama mnene, mcheshi, asiyependa maneno mengi.

"Kabla hujampigia bosi wangu wa zamani, kuna jambo nataka ulisikie kwangu," alisema Mama Pacha. Akaeleza siku ile, tanuri lile, na trei. "Ukipenda, nipe tanuri lako asubuhi moja, ujionee."

Mwenye kiwanda alimpa. Mikate ilipokuwa ndani, aliwapigia msimamizi wa zamu na mpishi wa shule. Wote walimsifu. Mikate ilipotoka, akampigia Mzee Kofia. Simu yake ilikuwa kuukuu, na sauti ilisikika chumba kizima.

"Anaunguza mikate," alisema Mzee Kofia.

"Mmh."

"Tena mvivu."

"Mmh."

"Mbona unanijibu hivyo?"

"Nisamehe, mzee. Natafuna. Mkate wake huu hapa mdomoni."

Mama Pacha alisimama na trei mkononi. Kazi yake ilikuwa kwenye simu ile.

"Umeungua upande?" iliuliza sauti ya Mzee Kofia, chini chini.

"Wapi! Rangi moja pande zote."

Mzee Kofia akashusha sauti zaidi.

"Hebu mwulize… zile trei anazigeuza wakati gani?"

Mwenye kiwanda akamgeukia Mama Pacha. Yale maneno makali aliyoyameza yalikuwa bado yapo. Mama Pacha akayaacha huko huko tumboni.

"Nitamwambia," alisema. "Ila kwanza aseme kweli."

Mzee Kofia alikohoa kwa muda mrefu. "Alifanya kazi kwangu miaka mingi," alisema. "Hakuwa mvivu. Aliaga vizuri. Mikate iliungua siku moja tu, na siku hiyo nilikuwa namgombeza mimi. Haya, nimesema. Trei ni wakati gani?"

Mama Pacha akaisogelea simu.

"Harufu ikifika mlangoni, mzee, umechelewa. Geuza katikati ya kuoka. Na kama uko mlangoni unagombeza mtu, mwache kwanza."

Siku hiyo hiyo alipewa kazi, zamu ya asubuhi. Sasa pacha wakirudi kutoka shule wanamkuta nyumbani, ananukia mkate.

Na suruali ya Mzee Kofia iko tayari. Baba Pacha aliipima, akaitazama sana, akaipima tena, kisha akakubali ifike miguuni.